Kinachotangulia Kusoma

Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi, isipoipata diski yake haifichi aibu. Huandika kwenye skrini kwamba imeshindwa kupachika mfumo mkuu wa mafaili, hutaja kifaa kisichojulikana chenye namba sifuri na sifuri, kisha hutangaza taharuki na kusimama papo hapo. Anayekutana na ujumbe huo mara ya kwanza hudhani diski imekufa. Mara nyingi diski ni nzima, ukitega sikio unaisikia inazunguka. Kilichokosekana ni draiva, programu ya kuzungumza na diski, na draiva yenyewe ipo. Imehifadhiwa vizuri kabisa ndani ya diski hiyo hiyo, kwenye folda ya moduli, ikingoja kusomwa na kerneli ambayo haiwezi kusoma diski yoyote mpaka iwe na draiva.

Mafundi wenzangu huicheka hali hii, wakarekebisha, wakaendelea na kazi. Mimi hunikalisha chini. Plato alimweka Meno amuulize Sokrate swali hilo hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: utakitafutaje kitu usichokijua hata kidogo, na ukikutana nacho utajuaje kuwa ndicho? Kama kila ujuzi unaupata kwa kusoma, basi ule ujuzi wa kusoma uliusoma wapi?

Nafanya kazi ya kutengeneza kompyuta Ngamiani, Tanga. Mjomba wangu ana madrasa, na darsa zake za baada ya Isha zimerekodiwa miaka nenda miaka rudi: kaseti, baadaye CD, siku hizi simu za wanafunzi. Alitaka zote zikae mahali pamoja, mtu akiingia madrasa azipate kwa simu yake bila kutumia bando. Kompyuta ya mezani ingekula umeme na kupiga kelele katikati ya tajwidi. Nikachukua bodi ndogo ya Cubieboard2, toleo la mwaka 2013, yenye chipu ya Allwinner A20 na kumbukumbu ya gigabaiti moja. Niliipendea jambo moja: ina tundu halisi la SATA la kuchomekea diski, ambalo bodi za Raspberry Pi za miaka ile hazikuwa nalo. Diski nikaitoa kwenye laptopu kuukuu, ya inchi 2.5, kwa sababu hizo hutosheka na volti 5 ambazo bodi inaweza kuzitoa. Zile kubwa za inchi 3.5 hudai volti 12 juu yake.

Mfumo tuliopakua ulikuja na kerneli ambayo draiva ya SATA imewekwa kama moduli, na hakukuwa na kitu cha kuibeba moduli hiyo mpaka mlangoni. Ikawa lazima kukompaili kerneli upya. Mjomba akavuta mkeka akakaa kando yangu. Ni mtu asiyeweza kuona kazi ikifanyika bila kuuliza.

Anayepanga kerneli huletewa orodha ndefu ya vitu, na mbele ya kila kitu pana mabano. Mabano matupu maana yake hukitaki. Herufi M maana yake kikompailiwe kando kama moduli, kipakiwe baadaye kikihitajika. Nyota maana yake kiingie ndani ya mwili wa kerneli, kizaliwe nayo. Kwa diski ya SATA kwenye A20, nyota moja haitoshi. Kuna draiva ya kidhibiti chenyewe, AHCI_SUNXI. Juu yake kuna tabaka la ATA. Juu ya hilo kuna SCSI, kwa sababu Linux huzichukulia diski za SATA kana kwamba ni za SCSI, jambo linalowashangaza wageni mpaka leo. Kisha draiva ya diski za SCSI, BLK_DEV_SD, ndiyo inayozipa majina ya sda na sdb. Kisha uwezo wa kusoma jedwali linalosema diski imegawanywa vipi. Mwisho kabisa EXT4, ndiyo inayojua faili ni nini. Ukose nyota moja katikati, zilizobaki hazina faida. Kerneli inaweza kuiona diski isione mafungu yake, au ione mafungu isijue humo ndani kuna mafaili.

"Nyota ni vya kuzaliwa navyo, hiyo M ni vya kujifunza," Mjomba akasema. "Hii ni fitra, mwanangu."

Alikuwa na hoja kamili, na aliitoa kama anayetoa darsa. Hadithi mashuhuri ya Abu Hurayra inafundisha kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, kisha wazazi wake ndio wanaompeleka kwenye dini nyingine. Na sura ya al-A'raf, aya ya 172, inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu aliwatoa wanadamu migongoni mwa wazee wao, akawashuhudisha juu ya Uola Wake, wasije wakadai Siku ya Kiyama kwamba walikuwa wameghafilika. Kwa hiyo, akasema Mjomba, elimu kuu tumekuja nayo. Tunachokiita kujifunza ni kukumbushwa. Hajawahi kumsoma Plato, lakini walikuwa wamekutana: Sokrate naye, baada ya kumhoji mtumwa mdogo wa Meno mpaka akagundua mwenyewe namna ya kuchora mraba wenye ukubwa maradufu, alihitimisha kwamba roho ya kijana ilikuwa inakumbuka.

Sikukubali, na bado sikubali, kwa sababu nilikuwa natazama nyota zinafanya nini. Kerneli iliyotoka pale, yenye nyota zote mahali pake, haikuwa na darsa hata moja ndani yake. Haikuwa na aya, haikuwa na sauti ya Mjomba, haikujua hata kama diski ni tupu au imejaa. Kilichozaliwa nayo ni namna ya kusoma, na namna ya kusoma haina habari yoyote ndani yake. Nikamkumbusha an-Nahl, aya ya 78: Mungu amewatoa matumboni mwa mama zenu hamjui chochote, akawapa masikio na macho na nyoyo. Aya hiyo inaanza kwa kukanusha yaliyomo, kisha inataja vyombo. John Locke alipoandika, mwishoni mwa karne ya 17, kwamba akili ya mtoto ni kama karatasi nyeupe, aliishika nusu ya kwanza vizuri sana. Leibniz alimjibu kwa nusu ya pili: hata kama yote yameingia kwa mlango wa hisi, akili yenyewe haikupitia mlango huo. Akatoa mfano wa jiwe la marumaru lenye mishipa inayoelekea sanamu fulani kabla patasi haijaligusa. Jibu hilo lilichapishwa mwaka 1765, wakati wote wawili wameshazikwa zamani.

Jambo linalonisumbua zaidi kuhusu vyombo hivi ni ukimya wake vinapokosekana. Ukiondoa draiva ya kidhibiti cha SATA, kerneli haiandiki kwamba kuna diski imeshindwa kuisoma. Haiandiki kitu. Orodha ya vifaa inapita pale ambapo diski ingetajwa bila pengo, bila alama ya kuuliza, na taharuki ya mwisho inakuja kwa sababu tu tuliiambia ianzie kwenye diski. Tungeiambia ianzie kwenye kumbukumbu, ingeishi humo maisha yake yote ikijiona imekamilika. Linus Torvalds alipotangaza mradi wake wa Linux tarehe 25 Agosti 1991, aliwatahadharisha wasomaji kwamba huenda usije ukakubali diski nyingine zaidi ya zile za kompyuta za AT, kwa kuwa ndizo pekee alizokuwa nazo. Akili zetu nazo nadhani zilitengenezwa kwa diski zilizokuwepo. Anayekana kila asichokihisi, na anayedai kujua kilichopo ndani ya ukimya huo, wote wawili wamesahau kwamba draiva isiyokuwepo haiachi alama.

Kuna njia nyingine ya kutoka kwenye fumbo la diski, na nilimwonyesha Mjomba kwa sababu niliona itampendeza. Badala ya kutia nyota, unaweza kuiachia draiva ile M yake, ukatengeneza mfumo mdogo wa mafaili uitwao initramfs, ukaubana, ukaupakia moja kwa moja kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli. Humo ndani mna moduli zinazohitajika na programu fupi. Programu inapakia draiva, inasubiri diski, inaipachika, kisha inafuta karibu kila kitu chake na kumkabidhi mwenye nyumba. Kerneli haikuzaliwa na draiva, imebebwa na mwingine mpaka ilipoweza kusimama. Nikawaza juu ya mama, na maneno ya kwanza ambayo hakuna anayekumbuka alivyoyapata.

Mjomba hakuwaza juu ya mama. Aliuliza, "Na hiyo ndogo, nani kaipakia?"

U-Boot, nikamwambia, programu inayotangulia kerneli. Na U-Boot? Sehemu yake ya kwanza, iitwayo SPL, inapakiwa na maandishi yaliyochongwa ndani ya chipu ya A20, yasiyofutika. Umeme ukiingia, maandishi hayo yanatazama kadi ya SD kwanza, kilobaiti 8 kutoka mwanzo wa kadi, yakikuta alama yanayoijua yanachukua kilichopo. Hayajui SATA kabisa. Ndiyo maana hata baada ya kuhamishia kila kitu kwenye diski, kikadi kidogo cha SD lazima kibaki tunduni.

Uso wa Mjomba ukang'aa. Kila kilichopakiwa kina mpakiaji, mlolongo hauwezi kurudi nyuma bila mwisho, kwa hiyo yupo wa kwanza asiyepakiwa na yeyote. Hoja ya zamani, Ibn Sina ameipanga kwa namna yake, wanatheolojia wa kalam kwa namna yao, na hapa ilikuwa imelala juu ya mkeka ikiwaka taa nyekundu.

Sipendi mahubiri ya namna hii, nami nilimwambia hivyo kwa adabu. Maandishi ya chipu hayakumaliza mlolongo wowote. Yalichongwa kiwandani, na wahandisi, ambao kila mmoja ana mama na baba. Ukiufuata mlolongo unatoka kwenye bodi ukaingia mitaani, wala hausimami pale tunapopenda usimame. Tena Mjomba anasomesha Ihya ya al-Ghazali. Nikamuuliza kama al-Ghazali huyo huyo siye aliyeandika, katika kitabu chake dhidi ya wanafalsafa, kwamba kuona pamba inaungua inapogusana na moto kunathibitisha kuwa mawili yametokea pamoja tu, wala hakuthibitishi kwamba moto ndio uliounguza. Anayeamini hivyo atajengaje imani yake juu ya mlolongo wa chipu? Mjomba alicheka, akasema tuendelee na diski.

Tulipoendelea ndipo tulipofika mahali ambapo mimi naona fumbo la kweli lilipo, na si pale Mjomba alipopatafuta.

Nyota zote zilikuwa zimewekwa, kerneli imekompailiwa, na bado diski haikuonekana. Sababu ni kwamba kwenye bodi za aina hii vifaa havijitangazi. Kompyuta ya kawaida ina basi la PCI, ambalo kerneli inaweza kulipitia ikiuliza kila nafasi: upo? wewe nani? Kila kifaa kinajibu kwa namba ya mtengenezaji wake na namba ya aina yake. Intel, kwa mfano, hujibu 8086. Kerneli inaanza haijui kitu na inamaliza ikiwa imevigundua vyote kwa kubisha hodi. Chipu kama A20 haina utaratibu huo. Kidhibiti cha SATA kipo kwenye anwani 1c18000 ya heksadesimali, na hakuna njia salama ya kukigundua kwa kupapasa. Lazima kerneli iambiwe.

Inaambiwa kwa faili liitwalo mti wa vifaa, ambalo U-Boot hulipakia kwenye kumbukumbu, kisha huacha anwani yake kwenye rejista r2 wakati wa kuikabidhi kerneli uongozi. Mti unataja kila kifaa, aina yake, anwani yake, na umeme wake unafunguliwa na nani. Kwenye mti wa A20 kidhibiti cha SATA kimeandikwa lakini kimewekewa hali ya kuzimwa, kwa kuwa si kila bodi yenye chipu hiyo ina tundu. Faili la bodi husika ndilo linalopaswa kukiamsha na kutaja chanzo cha volti 5 za diski. Letu halikuwa limekiamsha. Mstari mmoja, na diski ikajitokeza.

Zamani habari hizi ziliandikwa ndani ya kerneli yenyewe, kwa lugha ya C, kila bodi na faili lake. Bodi zenye chipu za ARM, kama hiyo A20, zilipozidi, mafaili hayo yakawa msitu, na mwaka 2011 Torvalds akapiga kelele hadharani kuhusu fujo hiyo. Baada ya hapo habari za bodi zilianza kuhamishiwa nje, kwenye miti ya vifaa. Kwa hiyo watu wa kerneli, bila nia ya kufalsafu, walitenganisha mambo mawili ambayo mimi na Mjomba tulikuwa tunayachanganya: uwezo, unaozaliwa nao, na habari, unayoletewa. Maulamaa wana mgawanyo wao wa akili na nakili, yale yanayofikiwa kwa kufikiri na yale yanayopokewa kwa mapokezi. Kwenye bodi ndogo nilikuwa nauona umegawanyika katika mafaili mawili.

Ibn Tufayl, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy ibn Yaqzan, mtoto aliyelelewa na paa kwenye kisiwa kisicho na watu. Paa alipokufa, Hayy alimpasua kifua kutafuta kilichoondoka, na kutoka hapo akapanda ngazi kwa ngazi, kwa akili yake peke yake, mpaka akamjua Muumba. Hayy ni kompyuta ya PCI. Ulimwengu wake hujibu ukibisha. Nikiwa na miaka ishirini nilikipenda kisa hicho mno. Siku hizi naona kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu imejaa anwani za aina ya A20: nani baba yangu, nilizaliwa lini, bibi yangu alifika Tanga akitokea wapi. Hakuna kati ya hayo niliyoweza kuyagundua kwa kubisha. Niliambiwa, nikaamini, ndipo nikaweza kuanza.

Na kuamini huku kuna utaratibu wake. Kerneli ikiupokea mti hukagua kwanza kama unaanza na alama d00dfeed, mzaha wa heksadesimali wa waandishi wake. Alama isipokuwepo, inaukataa. Ikiwepo, yaliyomo yanakubaliwa jinsi yalivyo. Wanafunzi wa hadithi watatambua hali hiyo: isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, imekaguliwa; matini, yaani maneno yenyewe, bado. Matini hukaguliwa baadaye, kwa kutenda. Kerneli inaigusa anwani iliyoambiwa, na kidhibiti kinajibu au hakijibu. Haikuweza kukagua kabla ya kuamini, maana bila mti isingejua pa kugusa. Wanaodai kwamba mtu mwenye akili haamini kitu kabla ya kukipima wana kompyuta ya PCI vichwani mwao, na wanaokataza kupima baada ya kuamini sijui wana kompyuta gani.

Hapo nilidhani tumemaliza: uwezo kutoka ndani, habari kutoka nje, wala hakuna elimu iliyoandikwa kabla. Mjomba alikuwa kimya, anasoma skrini. Kizungu chake ni kidogo lakini herufi anaziona.

"Hapa pameandikwa nini?"

Ulikuwa mstari wa maagizo ambao U-Boot huipa kerneli. Ndani yake mna neno root likifuatiwa na jina la diski ya kuanzia, na neno rootwait, linaloiamuru kerneli isikate tamaa diski ikichelewa kuamka. Diski inayozunguka huhitaji sekunde kadhaa kufikia mwendo wake. Bila rootwait kerneli ingetaharuki kabla diski haijawa tayari. Ikiwa nayo, itasubiri bila kikomo, ingawa matoleo ya karibuni yanaruhusu kuweka idadi ya sekunde.

"Basi ukiufuta mstari huu," akasema, "una nyota zako zote, una mti wako, na bado haitafuti kitu."

Ni kweli.

"Mimi aya ya al-A'raf naiweka hapa. Wewe umeniambia si faili, nimekubali. Si draiva, sawa. Ni huu mstari. Kuambiwa utafute nini."

Nilimjibu kwamba mstari huo ndio dhaifu kuliko vyote. Mtu yeyote mwenye kebo akikaa mbele ya U-Boot anaweza kuubadilisha kabla kerneli haijaanza, ikaelekea diski nyingine na isijue kamwe kwamba imegeuzwa.

"Na wazazi wake," Mjomba akasema, "ndio wanaomfanya hivi au vile. Hadithi nimekusomea tangu jioni."

Sikuwa na jibu la haraka, nikarudi kwenye kazi. Mstari ulikuwa umeandikwa /dev/sda1, na jina hilo si la kutegemewa, kwa kuwa sda ni diski yoyote itakayotangulia kugunduliwa. Mwanafunzi akiacha flashi kwenye tundu la USB, siku moja flashi inaweza kuitwa sda. Nikaandika PARTUUID badala yake, ile namba iliyochongwa kwenye jedwali la diski yenyewe, ambayo kerneli inaielewa bila kusaidiwa na initramfs. Sasa ingeweza kukutana na flashi, ikaikagua, ikaiacha.

Nikamweleza Mjomba, naye akaenda moja kwa moja kwa Ibrahimu katika sura ya al-An'am, aliyeiona nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja akakiacha kilipotua. Angekiachaje, aliuliza, kama hakuwa tayari na namba ya anayemtafuta? Nikasema Ibrahimu hakuwa na namba. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba asiwe mwenye kutua, na sharti la namna hiyo linakuwezesha kukataa elfu bila kukutajia mmoja. Mjomba akasema kukataa elfu kwa haki si jambo la asiyejua. Nikasema wala si la aliyekwisha kujua. Diski ilikuwa inanakili kaseti za mwaka 1994, na tulibishana mpaka ikamaliza.